Nyumba Alizozikataa Kocha

Mlangoni, mahali pa kitasa, palikuwa na tundu tupu, na nyuma ya tundu kulikuwa na jicho.

"Nani wewe?" aliuliza mwenye jicho.

"Polisi."

"Mmechelewa, kama kawaida yenu. Mwizi nimemkamata mwenyewe. Yumo jikoni anakunywa maji."

Inspekta alisukuma mlango akaingia. Wezi alikuwa amewaona wa kila namna: wa kuruka ukuta, wa kutoboa bati, hata mmoja aliyepitiwa na usingizi chini ya kitanda cha mwenye mali mpaka kukakucha. Lakini mwizi mwenye sare nyeupe ya uuguzi, saa kaibana kifuani, kakaa kwenye stuli na glasi kaishika kwa mikono miwili, loo, huyo alikuwa mgeni kwake.

"Afadhali umekuja, afande," mwizi alisema. "Naomba umtoe huyu mzee nyumbani kwangu."

"Kwako!" Mzee aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Kwako wapi, binti? Nyumba hii nimeijenga kwa sindano! Suruali za mji mzima nimezikunja upindo mimi, ndipo tofali likasimama juu ya tofali. Afande, unayasikia maajabu haya?"

Sebuleni kulikuwa na cherehani tatu zilizofunikwa shuka, na ukutani picha ya mzee yule yule akiwa kijana, kasimama mbele ya nyumba ile ile haijaezekwa. Inspekta aliitazama picha, akatazama dirisha, akaitazama tena picha. Nani mwenye nyumba, hapakuwa na haja ya kuuliza.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa amekaa muda mrefu kwa binti yake akitibiwa macho, akarudi Jumapili. Asubuhi hii ya Ijumaa, akiwa uani, alisikia mlango wa mbele ukichokonolewa. Akamkuta fundi vitasa na bisibisi yake, na nyuma yake dada huyu akimhimiza afanye haraka. Fundi alitoka mbio, na kitasa akakimbia nacho.

"Ufunguo unao?" Inspekta alimuuliza muuguzi, ambaye watu wote, hata mzee aliyemkamata, walikuwa wakimwita Sista.

"Ninao."

"Basi kitasa unabadilisha cha nini?"

"Ili huyu asiwe na wake."

Inspekta aliupokea ufunguo akaujaribu kwenye mlango wa uani, ambao kitasa chake kilikuwa pacha na cha mbele. Ukazunguka bila kukwama. Mzee akakodoa macho yake mapya. Inspekta akauomba ufunguo wa mzee, akaziweka zote mbili juu ya meza. Wa mzee ulikuwa mweusi, meno yamelika. Wa Sista uling'aa, na ukiupitisha kidole ulikwaruza.

"Huu umechongwa juzi juzi," alisema. "Tena umechongwa kwa kuiga huu wa mzee. Nani alikupa?"

"Kocha."

"Kocha wa mpira?"

"Kocha wa nyumba, afande. Anafundisha watu kuwekeza."

Inspekta alivuta stuli ya pili akakaa. "Nieleze tangu mwanzo. Pole pole, usiruke."

Sista akaeleza. Mama yao alikuwa ameuza shamba, mali pekee aliyokuwa nayo, akazigawa fedha zake mafungu mawili: nusu kwa Sista, nusu kwa mdogo wake wa kiume, fundi majokofu. Sharti lilikuwa moja tu. Nunueni nyumba, mle kodi yake, ila mnitengee chumba kimoja nizeekee humo. Sasa hivi mama huyo alikuwa akilala kwenye kochi la Sista katika vyumba viwili vya kupanga, na mwenye nyumba alikwisha kusema hataki mtu wa ziada baada ya mwisho wa mwezi.

"Fungu langu lote limo humu." Sista aliugonga ukuta wa jikoni kwa kiganja. "Humu ndani, afande. Kwa hiyo sitoki."

"Lahaula!" Mzee alishika kichwa.

"Ulinunua kwa dalali gani?"

"Dalali!" Sista alisema kama aliyetukanwa. "Mimi si mtoto. Nilijua sijui kitu, nikatafuta anayejua, anishike mkono. Wengine wote walitaka ada kwanza. Kocha hakutaka hata nauli. Akaniambia, usiniamini mimi, nenda kaongee na niliowafundisha. Nikaenda kwa Mama Keki, yule muokaji wa kule sokoni, akaniapia kwa watoto wake. Ndipo tukaanza kutembea. Nyumba ya kwanza Kocha akaikataa, ina mchwa. Ya pili akaikataa, barabara itapita sebuleni. Ya tatu niliipenda mpaka machozi yakanitoka. Akanivuta mkono, akanionyesha ufa nyuma ya kabati, akasema, ukinunua hii umenunua kaburi. Hii ndiyo ya kwanza aliyoniambia, chukua." Akamkazia Inspekta macho. "Hebu niambie wewe, tapeli gani anakataa kuuza?"

Swali hilo lilimkera Inspekta sana.

"Mzee," aligeuka, "ulipokwenda kwa binti yako, ufunguo wako ulimwachia nani?"

Mzee aliutazama ufunguo wake juu ya meza. "Msumari," alisema. "Dalali wa pale kona. Nilitaka anitafutie mpangaji wa chumba cha nyuma."

Haya! Askari mwingine angefunga jalada hapo hapo akaenda kunywa chai. Dalali na ufunguo, unataka nini tena?

Inspekta na Sista walimkuta Msumari chini ya mwavuli wake, ubao umeegemea mti wa umeme: CHUMBA, STOO, FREMU ZA BIASHARA. Aliitwa hivyo kwa sababu akishakuganda hang'oki. Alipomwona afande alianza kujitetea kabla hajaulizwa, na Inspekta aliwapenda sana washukiwa wa namna hiyo.

"Sijauza! Mimi nakula kamisheni tu, afande. Nyumba nitailaje, na meno yenyewe ndiyo haya?" Akafunua mdomo. Kweli yalikuwa machache.

"Ufunguo wa mzee ulitoka mkononi mwako?"

"Ulitoka. Ukarudi."

"Ulikwenda kwa nani?"

"Kwa Kocha. Alisema ana mwanafunzi anamfundisha kukagua nyumba, anataka nyumba tupu ya mazoezi, watazame na kutoka. Akanipa ya chai. Jamani, mwalimu akikuomba darasa utamnyima?"

"Ya mazoezi?" Sista aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwani dada umesahau? Mlivyokuwa mnaingia nilikupungia mkono. Nikasema moyoni, huyu anasoma kwa bidii."

Sista alimtazama Msumari, akautazama ubao, akamtazama tena Msumari. Inspekta alikwisha kuona watu wakipewa habari za msiba, na hivyo ndivyo wanavyotazama.

"Nyumba nyingine alizompeleka huyu dada," Inspekta alisema, "funguo zake ulitoa wewe?"

"Hapana, afande. Ni hiyo moja tu. Haki ya Mungu."

"Basi zile nyingine alizifungua nani?"

Swali lilikuwa la Msumari, lakini aliyejibu alikuwa Sista. "Hakuzifungua mtu. Wenyewe walikuwemo. Walitukaribisha tukaingia."

"Walikuwemo?" Inspekta alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Twende kwenye ile yenye ufa. Msumari, usisogee hapo."

"Nisogee niende wapi, afande? Mwavuli wenyewe nimeukodi."

Mwenye nyumba ya tatu alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya nguo mkononi. Alimkumbuka Sista, akamchangamkia, akawaonyesha viti. Inspekta alimuuliza kama nyumba imeshapata mnunuzi.

"Mnunuzi?" Ndoo ilitua chini. "Nani kasema nauza nyumba yangu? Mume wangu kasema? Mniambie ukweli, nimpigie simu sasa hivi!"

"Hapana, mama, tulia. Yule bwana aliyekuja na huyu dada alikuambia amefuata nini?"

"Alisema anafundisha watu kukagua nyumba, akaniomba atumie ukuta wangu. Akasema na mimi atanikagulia bure, aniambie kama ule ufa una hatari. Mtu mzuri sana yule. Alitusaidia mpaka kusogeza kabati."

"Akakuambiaje kuhusu ufa?"

"Hauna neno. Ni plasta tu."

Sista alikwenda nyuma ya kabati mwenyewe. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Alirudi amekunja mikono tumboni. "Mimi aliniambia ni kaburi," alisema. "Alininong'oneza sikioni, nisimuumize mwenye nyumba. Nikasema, ona huyu baba alivyo na utu."

Walipotoka uani Inspekta alisimama. Sasa alikuwa na jibu la lile swali la asubuhi, na lilimsisimua mwili. Kwa miaka mingi aliamini kwamba tapeli hujulikana kwa haraka yake. Huyu hakuwa na haraka.

"Alizikataa nyumba ambazo hazikuwa zinauzwa," alisema. "Kusema hapana kulimgharimu nini? Usingerudi kuuliza bei, kwa sababu nani anauliza bei ya kaburi? Sista, hakuwa anakuonyesha nyumba. Alikuwa anajionyesha yeye."

Sista aliketi juu ya ngazi ya watu. Mama mwenye mtoto alimletea maji bila kuuliza kitu, lakini hakuyanywa.

"Inuka," Inspekta alimwambia. "Bado kuna aliyekuapia kwa watoto wake."

Kwa Mama Keki kulinukia vanila mpaka nje. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mikono imejaa sukari ya unga. Inspekta hakujitambulisha. Alisema tu kwamba naye anataka kuanza kununua nyumba, na ameelekezwa kwa mtu anayeitwa Kocha.

"Mshike huyo huyo!" Mama Keki alisema bila kuacha kupaka krimu. "Mimi nilikuwa sijui hata hati inafananaje. Leo nalala, kodi inaingia."

"Hongera sana. Nyumba yako iko wapi, twende nikaione?"

"Leo? Ina wapangaji."

"Tutabisha hodi."

"Wamesafiri."

"Basi tuitazame kwa nje. Gari ninalo."

Kisu kilisimama juu ya keki. Hapo ndipo Mama Keki alipoinua uso, akamwona Sista kasimama mlangoni nyuma ya mgeni, na rangi yote ikamtoka. Inspekta akatoa kitambulisho akakiweka mezani, kando ya bakuli la krimu.

"Sina nyumba," Mama Keki alisema. "Sijawahi kuwa nayo. Alinila mimi kwanza."

"Na ukaniapia!" Sista alisema.

"Niliapa, mwanangu. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Nikisema ni tapeli, fungu langu limekwenda na maji. Nikisema ni mwema, labda litarudi. Alinihakikishia hati yangu ipo, inangoja mwanafunzi mmoja tu aingie, fungu lake ndilo litafungua langu. Ndipo ukaja wewe. Nikajiambia, huyu simjui, si ndugu yangu, kila mtu na bahati yake." Alijifuta machozi kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na sukari. "Kumbe hata hiyo hati haipo."

Sasa, Inspekta alikuwa amejiandaa. Alijua kinachofuata: makelele, kofi, pengine keki kurushwa ukutani. Alikwisha kusogea kidogo ili awaingilie kati. Lakini Sista hakufanya kitu. Hakupaza sauti wala hakulaani. Aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya sukari iliyomwagika mezani kwa ncha ya kidole, punje baada ya punje. Mtu aliyeibiwa mali ya mama yake anakutana na aliyemsukumia shimoni, halafu anasafisha meza? Inspekta aliingiwa na baridi.

Alimtoa nje, akamketisha garini, akawasha injini. Akaanza kuuliza huku anaendesha.

"Kocha alikuambia lini ukabadilishe kitasa?"

"Jana."

"Alisema ukabadilishe leo?"

"Leo asubuhi, bila kukosa."

"Kwa nini leo?"

Sista aliigeuza saa yake kifuani, akaisoma.

"Sista, mpaka leo asubuhi ulikuwa hujui kwamba mzee yumo ndani?"

"Nilijua. Jumatatu nilipita, nikaona shati limeanikwa uani. Nikampigia Kocha. Akasema huyo ni mpangaji mkaidi tu. Akasema hati yangu ipo." Alimeza mate. "Inangoja."

"Inangoja mwanafunzi mmoja aingie."

"Ndiyo."

"Na wewe hukumwamini."

"Nilimwamini nusu. Nusu nyingine nilijua. Jumatatu usiku sikulala."

"Huyo mwanafunzi ni nani?"

Sista alitazama nje ya dirisha. Watu walikuwa wakivuka barabara na mikoba yao, siku ya kawaida kabisa. "Mdogo wangu," alisema.

Inspekta alikanyaga breki katikati ya barabara. Gari la nyuma lilipiga honi, dereva akatoa kichwa kutukana, akaona kitambulisho kimeinuliwa dirishani, akakirudisha ndani.

"Mdogo wako yule? Mwenye fungu la pili?"

"Nilikuwa nimemsifu Kocha nyumbani kila siku, afande. Wakati ule naamini kweli. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeomba namba ya Kocha. Jumanne akaja kula kwangu. Mama alikuwa amelala kwenye kochi. Akaniuliza polepole asimwamshe, dada, nimuamini?"

"Jumanne," Inspekta alisema. "Baada ya Jumatatu."

"Nikamwambia, muamini."

Mungu wangu! Inspekta hakulisema, lakini lilimpiga kifuani. Alikuwa amehoji watu waliochoma, waliochinja, waliozika usiku. Huyu alikuwa amemwekea mdogo wake wali, akamwambia muamini.

"Nilidhani fungu lake likiingia, hati yangu itatoka," Sista alisema, na sasa maneno yalikuwa yakikimbilia nje yenyewe. "Nyumba yangu ikipatikana, mama ataingia, kisha ya mdogo wangu nitaipigania. Sikutaka mama ajue nimeliwa. Nilitaka tu apate pa kulala."

"Wanatia saini lini?"

"Leo mchana. Kwenye ofisi iliyo juu ya duka la rangi."

Mchana ulikuwa umeshafika. Inspekta aligeuza gari mahali pasiporuhusiwa kugeuza. "Mpigie!"

"Haipatikani."

"Piga tena!" Alipita taa nyekundu. "Unaona sasa kwa nini leo? Alikutuma kwa mzee ili ukamatwe. Alitaka mchana huu uwe mikononi mwetu, mbali na mdogo wako. Hata Kocha mwenyewe, Sista, alidhani utashindwa kunyamaza."

Sista alipiga tena simu, akapiga tena, na kila mara sauti ile ile ya mashine ikamjibu.

Hawakupanda ngazi za ofisi. Nje ya duka la rangi, teksi ilikuwa imesimama milango wazi, na kijana mwenye ovaroli ya fundi majokofu alikuwa akipakia mto na furushi la nguo. Alipomwona Sista alicheka kwa meno yote, akaja akamkumbatia mpaka miguu yake ikaacha ardhi.

"Dada! Nani kakuambia tupo hapa? Tumemaliza! Kocha ametangulia na pikipiki akatufungulie. Nilimwambia mama asubiri kesho, akakataa katakata, anataka akalale chumbani kwake leo leo. Kafunga na mto kabisa!" Akamshika mabega. "Bila wewe nisingethubutu, dada. Haki tena."

Inspekta alikuwa ameshashika redio, akitoa maelezo ya mtu na pikipiki, huku moyoni akijua kwamba pikipiki katika mji ule zilikuwa nyingi kuliko nzi. Alipomaliza alimwambia kijana ukweli, kwa maneno machache, kwa sababu alijua mengi hayasaidii. Kijana aliendelea kutabasamu muda mrefu baada ya kusikia. Uso ulikuwa haujapata habari.

"Hapana," alisema. "Dada anamjua. Dada, mwambie afande."

Sista aliinamisha macho.

"Wewe nawe umeliwa?" Mdogo wake alimshika mkono kwa huruma, maskini, akitaka kumpa pole. "Umejua leo?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii."

Kijana aliuachia mkono. Inspekta aliona midomo yake ikihesabu bila sauti, Jumatatu, Jumanne, kisha ikasimama. Hakumpiga dada yake wala hakumtukana. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye teksi, akakaa chini pale pale barabarani na ovaroli yake.

Ndani ya teksi mama alikuwa amesikia yote. Alishuka kwa shida, mguu mmoja kisha mwingine, akiwa kaukumbatia ule mto. Alikuwa mwanamke mfupi. Alisimama mbele ya binti yake, akamtazama kwa macho ya mtu anayejaribu kukumbuka ni nani huyu.

"Mtu akiibiwa, mwanangu, hupewa pole," alisema. "Huyu mdogo wako nitampa pole. Wewe nikupe nini?"